Huduma Moja ya Kasi, Vihariri Tofauti: Kipi Kinamfaa Mwandika Programu wa Nyanda za Juu Kusini?

Kreti tupu la kubebea parachichi lina uzito wake, na mkulima wa Rungwe anaujua kuliko karani yeyote. Msimu uliopita, kwenye kituo cha kukusanyia matunda nje kidogo ya Tukuyu, mzee mmoja alinisogezea risiti iliyotoka kwenye mfumo nilioandika mwenyewe. "Mwanangu, hapa kreti umelitoa mara mbili." Nikavuta kaunta buku ya karani, nikapiga hesabu. Kweli. Mfumo ulipunguza uzito wa kreti karani alipoingiza kilo, kisha ukapunguza tena wakati wa kupanga malipo. Kwa kila kreti alilolileta, mzee alikuwa anapunjwa.

Kumpunja mtu kwenye mizani ni jambo zito huku kwetu. Nilitaka marekebisho yawe tayari kabla kituo hakijafunguliwa asubuhi. Usiku ule nilikaa na laptopu yenye RAM ya GB 8, intaneti ya simu, na akaunti ya huduma ya akili mnemba inayoandika msimbo kwa kasi kubwa. Msimbo wenyewe uliandikwa kufumba na kufumbua. Nilichosubiri kilikuwa kitu kingine kabisa: kihariri, yaani programu ninayoandikia msimbo, kinapandisha mafaili, duara linazunguka, jibu linashuka, kisha kinapandisha tena yaleyale pamoja na mengine mapya. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza aunganishe huduma ya kasi na kihariri gani, swali langu la kwanza ni kwamba yuko wapi na anatumia intaneti gani.

Kasi inatoka wapi

Nachukua Cerebras kuwa mfano kwa sababu ndiyo ninayoitumia. Ni kampuni ya California inayotengeneza chipu kubwa kama sahani. Wengine hulikata bamba la silikoni kuwa chipu ndogondogo. Wao huliacha bamba karibu zima liwe chipu moja. Toleo la tatu, WSE-3, lilitangazwa Machi 2024 likiwa na transista trilioni 4 na kumbukumbu ya GB 44 ndani ya chipu yenyewe. Hiyo kumbukumbu ya ndani ndiyo kiini cha mambo. Kwenye kadi za picha (GPU) za kawaida, kila kipande cha neno kinachoandikwa kinadai namba za modeli, yaani akili mnemba yenyewe, zisafirishwe kutoka kumbukumbu iliyo nje ya chipu, na safari hiyo ndiyo inayochelewesha. Groq, kampuni nyingine ya huduma ya kasi, nao wameshika njia ya kumbukumbu ya ndani, ila kwa chipu ndogo nyingi zilizounganishwa.

Agosti 2025 Cerebras walizindua vifurushi viwili vya waandika programu, dola 50 na dola 200 kwa mwezi. Modeli ya wakati huo ilikuwa Qwen3-Coder ya Alibaba, yenye vigezo (zile namba za modeli) bilioni 480, na kasi waliyoitangaza ni hadi tokeni 2,000 kwa sekunde. Tokeni ni kipande cha neno; mstari mmoja wa msimbo huchukua kama tokeni kumi hivi. Kwa hiyo faili la mistari 200 ni tokeni 2,000. Huduma inayotoa tokeni 50 kwa sekunde italiandika kwa sekunde 40, hii italiandika kwa sekunde moja.

Kuunganisha kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Huduma hizi zinafuata mtindo mmoja, ule wa API (njia ya programu kuongea na seva) ya OpenAI, hivyo kihariri kinakudai vitu vitatu: anwani, ufunguo (neno la siri la akaunti yako) na jina la modeli. Anwani ya Cerebras ni https://api.cerebras.ai/v1, ya Groq ni https://api.groq.com/openai/v1. Jina la modeli liandike herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye ukurasa wa akaunti yako, maana watoa huduma hubadilisha modeli, na jina lililofanya kazi mwaka jana linaweza kukurudishia ujumbe kwamba modeli haipo. Ukikwama, anza kukagua hapo kabla hujaulaumu ufunguo.

Foleni iko kwenye kupandisha

Hapa ndipo vihariri vinapoachana.

Seva ya huduma haikumbuki mazungumzo yenu. Kila kihariri kinapouliza swali, kinabeba tena maelekezo yake, mafaili yaliyokwisha kusomwa, majibu yaliyotangulia na makosa yaliyotokea. Mzigo wa tokeni 100,000 ni takriban KB 400 za maandishi. Kama intaneti yako inapandisha megabiti 1 kwa sekunde, na usiku wa mvua Tukuyu hiyo ni bahati, mzigo huo unachukua zaidi ya sekunde tatu kuondoka kwenye laptopu. Modeli inajibu kwa sekunde moja. Sasa fikiria kazi yenye hatua thelathini za kwenda na kurudi na mzigo wa namna hiyo: dakika moja na nusu na ushee imeishia kwenye kupandisha tu, na MB 12 za bando zimekwenda.

Ongeza umbali. Kutoka Mbeya hadi seva zilizoko Marekani ni kilomita zisizopungua 12,000 hata ukipiga mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya nyuzi za faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi tu ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na njia halisi ni ndefu zaidi: Mkongo wa Taifa hadi Dar es Salaam, kisha nyaya za chini ya bahari. Wengi tunaikumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu kwa pamoja na intaneti ikasuasua nchi nzima. Siku kama hizo, kihariri kinachotuma kidogo bado kinakupa kazi. Kinachotuma furushi zima kila hatua kinakata tamaa katikati.

Kuna na ukomo wa huduma yenyewe. Kifurushi cha dola 50 kiliwahi kuwekewa ukomo wa tokeni milioni 24 kwa siku. Namba inaonekana kama bahari, lakini kwa mzigo wa tokeni 100,000 ni maombi 240, yaani kazi nane za hatua thelathini. Tena huduma hizi huwa na ukomo wa kila dakika, na kihariri kinachokimbia haraka kinaugonga upesi kwa sababu modeli haikipi nafasi ya kupumua. Ukiona namba 429 kwenye skrini, hiyo ndiyo maana yake: umeomba mengi kwa muda mfupi, subiri.

Cline ndani ya VS Code

Hiki ni kiendelezi, yaani programu ya nyongeza, cha bure na cha chanzo huria kinachokaa ndani ya VS Code, kihariri cha Microsoft, na ndicho kinachoionja kasi kwa utamu wake wote. Unakipa kazi, kinatafuta mafaili chenyewe, kinaandika, kinaendesha majaribio kwenye teminali (dirisha la kuandikia amri), kinasoma kosa, kinarekebisha, kinajaribu tena. Kwa modeli ya kawaida mzunguko huo unakufanya uende kupika chai. Kwa huduma ya kasi unabaki kitini, umekodoa macho. Kuunganisha: unafungua mipangilio yake, unachagua Cerebras kwenye orodha ya watoa huduma, au "OpenAI Compatible" kama huduma yako haimo, kisha unabandika ufunguo.

Ila kila tendo katika mzunguko huo ni safari nyingine ya kwenda na kurudi, na maelekezo yake ya kuanzia peke yake ni maelfu ya tokeni. Aliye na faiba ofisini, pale Forest Mbeya au Gangilonga Iringa, hatalihisi hilo. Anayetegemea simu atalihisi kwenye mfuko. Unaweza kukipunguzia mzigo kwa kukitajia mafaili kwa alama ya @ ili kisitafute folda nzima, na kwa kuanza kazi mpya kila unapomaliza moja badala ya kuburuta mazungumzo ya tangu asubuhi. Kina pia hali mbili, ya kupanga na ya kutenda. Ianze ya kupanga. Ukiona mpango umepinda, unausahihisha kabla hata mstari mmoja haujaguswa.

Aider kwenye teminali

Kwa intaneti ya simu, hiki ndicho ninachokipendekeza bila kusita. Aider si kihariri. Ni programu ya Python inayokaa kwenye teminali na kugusa mafaili yaleyale unayoyafungua kwenye kihariri chochote ukipendacho. Nguvu yake ni nidhamu. Haitumi faili mpaka wewe uliongeze kwa amri ya /add. Sehemu nyingine ya mradi inaiwakilisha kwa ramani fupi ya majina ya kazi (functions) na madarasa (classes) yaliyomo kwenye msimbo, ambayo kwa kawaida hupewa kama tokeni 1,000 tu.

Narudi kwenye kreti. Nilipochoka kusubiri nilihamia Aider, nikaongeza mafaili mawili, lile la kupokea mizani na lile la malipo, nikaandika kwa Kiswahili: "Uzito wa kreti unapunguzwa kwenye mafaili yote mawili. Uache upunguzwe kwenye mapokezi tu, na kwenye malipo tumia uzito halisi uliohifadhiwa." Mzigo mzima haukufika tokeni 10,000, yaani kama KB 40. Hata kwa megabiti 1 kwa sekunde, hiyo ni thuluthi ya sekunde hivi. Modeli ikarudisha mistari ya kubadilisha, Aider ikaiweka mahali pake na kuhifadhi badiliko kwenye Git, programu inayotunza kila toleo la msimbo, pamoja na maelezo yake. Nikasoma mistari ile mmoja mmoja. Ilikuwa sita. Hapo ndipo nilipohisi kwamba nalipia kasi na kasi ninaiona.

Kuhifadhi kwenye Git kila hatua ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Huduma ya kasi ikikosea, inakosea kwa kasi. Kabla sijaanza kutumia njia hii niliwahi kuwasha ruhusa ya kubadilisha bila kuuliza kwenye kiendelezi kimoja, nikageuka kuongea na karani, na niliporudi mafaili kumi na moja yalikuwa yamebadilika, likiwemo lile linalopanga jedwali la uzito wa wakulima. Git sikuwa nimeiwasha. Nilirudisha kila kitu kwa mkono kutoka kwenye nakala ya siku tatu nyuma, na kilo za siku hizo tatu nikaziingiza upya kutoka kaunta buku hadi saa nane usiku. Kwa Aider, amri ya /undo ingelifuta badiliko la mwisho kwa sekunde moja.

Upungufu wake ni kwamba lazima uujue mradi wako. Ukiwa umerithi mfumo wa mtu mwingine na hujui kosa liko faili gani, Aider itakuomba umwelekeze njia, na wewe mwenyewe njia huijui. Hapo Cline inashinda. OpenCode nayo inakaa kwenye teminali, lakini kwa tabia iko karibu na Cline kuliko Aider: inatafuta yenyewe, inatumia safari nyingi.

Continue, kwa yule anayekatikiwa mtandao

Continue ni kiendelezi kingine cha bure cha VS Code, na kina jambo moja ambalo wenzake hawalifanyi vizuri hivi: kinagawa majukumu. Kwenye faili lake la mipangilio, config.yaml, unaweza kuandika kwamba maongezi na marekebisho yaende kwa huduma ya kasi, na ukamilishaji wa mistari wakati unaandika ufanywe na modeli ndogo iliyo ndani ya laptopu yako kupitia Ollama, programu ya kuendesha modeli kwenye kompyuta yako mwenyewe. Qwen2.5-Coder ya vigezo bilioni 1.5 ni faili la karibu GB 1. Unalipakua mara moja, pengine ukiwa mjini kwenye intaneti nzuri, na baada ya hapo halili bando hata kidogo. Mtandao ukikatika, unaendelea kuandika na bado unapata pendekezo la mstari unaofuata.

Marekebisho yenyewe nayo ni mepesi: unachagua mistari, unabonyeza Ctrl na I, unaeleza unachotaka. RAM ya GB 8 inatosha, mradi usiwe umefungua vichupo ishirini vya kivinjari.

Zed, na laptopu zinazochoka

Zed imeandikwa kwa lugha ya Rust na watu walewale waliotengeneza kihariri cha zamani cha Atom, na msimbo wake uliwekwa wazi Januari 2024. Inafunguka haraka na ni nyepesi kwenye RAM kuliko VS Code, ambayo kwa ndani imebeba kivinjari kizima. Huduma ya kasi unaiongeza kwenye mipangilio chini ya kipengele cha openai_compatible: jina, anwani, modeli. Ufunguo haukai kwenye faili hilo, unahifadhiwa na mfumo wa kompyuta, na hilo linanifurahisha, kwa sababu faili la mipangilio ndilo watu wanalotumiana kwenye WhatsApp bila kufikiri.

Dada mmoja anayemalizia mradi wake wa chuo Iringa aliniandikia: "Kaka, laptopu yangu nikifungua VS Code na kivinjari pamoja inanuna." Ina RAM ya GB 4. Nilimwambia ajaribu Zed, haikufunguka. Zed huchora skrini kwa kutumia kadi ya picha, na kwenye Linux inadai kadi inayoielewa Vulkan, mfumo wa kisasa wa kuchora picha. Kadi yake ni ya zamani mno. Tukaishia Aider kwenye teminali na kihariri chepesi cha Geany pembeni ya kusomea mafaili, na mradi unakwenda. Kwa hiyo kabla hujaisifia Zed kwa mwenzako, muulize umri wa laptopu yake.

Cursor

Cursor imejengwa juu ya VS Code, na kinachowafanya watu waipende ni kile kitufe cha Tab kinachokisia badiliko lako linalofuata. Lakini Tab inaendeshwa na modeli yao wenyewe. Ufunguo wako wa nje unafanya kazi kwenye maongezi, hauigusi Tab. Tena ombi lako, hata ukitumia ufunguo wako, linapitia kwanza seva za Cursor ndipo liende kwa mtoa huduma. Ukishalipia dola 20 za Cursor na dola 50 za huduma ya kasi, unalipia njia mbili na kasi uliyoinunua inaonekana kwenye kona moja tu. Kama moyo wako uko kwa Cursor, ilipie yenyewe na uitumie ilivyo. Kwa kazi ya kuunganisha huduma ya nje, mimi siichagui.

Taarifa za wakulima

Mfumo wa mizani una majina, namba za simu na malipo ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu pia mwandika programu aliyekaa peke yake chumbani Mwanjelwa. Kihariri kinachotafuta mafaili chenyewe kinaweza kuokota nakala ya hifadhidata iliyosahaulika kwenye folda na kuipandisha nje ya nchi pamoja na msimbo. Cline inasoma faili la .clineignore, Aider .aiderignore, Cursor .cursorignore, andika humo nakala zote za hifadhidata na faili la .env lenye nywila. Na kwa majaribio, tengeneza wakulima wa kubuni. Mimi nina thelathini, wote wana namba za simu zisizopigika, na hesabu zao za makreti nimezikagua kwa kalamu.

Jinsi ya kuamua kwa jioni moja

Usinunue kifurushi cha mwezi kwanza. Zaidi ya shilingi laki moja ni fedha ya mbolea kwa familia nyingi hapa. Cerebras na Groq huwa na ngazi ya bure yenye ukomo mdogo, na inatosha kwa jaribio hili. Kama baadaye utalipa, utahitaji kadi. Ile ya mtandaoni inayotolewa kupitia pesa za simu huwa inakubalika, ila weka kiasi cha malipo hayo tu.

Chukua kosa moja la kweli kwenye mradi wako, dogo, ambalo tayari unajua liko wapi. Hifadhi kila kitu kwenye Git. Zima masasisho ya kompyuta ili yasile bando pembeni, kisha andika salio la bando lako kwenye karatasi. Lisahihishe kwa Aider, andika salio. Rudisha msimbo ulivyokuwa, lisahihishe tena kwa Cline, andika salio. Fanya hivyo mahali unapofanyia kazi kila siku na saa unayofanyia kazi, kwa sababu intaneti ya Uyole saa kumi alfajiri si ile ya saa mbili usiku kila mtu akiwa kwenye simu. Kama Cline imekula bando mara nyingi zaidi na umesubiri zaidi, baki na Aider kwa kazi za kila siku, na Cline uiwekee zile siku unazokwenda mjini kwenye faiba na mradi usioufahamu. Kama salio halijatofautiana sana na hukuhisi kusubiri, una intaneti nzuri kuliko wengi wetu; weka Cline na uifaidi.